Kidole Hakina Uzito

Levo ya 38 ina ngazi tatu za mawe. Kushoto kuna nguzo ndefu ya chuma, kulia kuna maji. Kazi ni moja: ipandishe nguzo mpaka ngazi ya juu, iteleze upande wa pili, itumbukie majini. Unapewa kamba, mbao mbili na mawe matano. Ukiivuta nguzo kwa kamba, pua yake inagota kwenye ukingo wa ngazi ya kwanza. Ukikaza zaidi, kamba inakatika. Ukilaza ubao uwe mteremko, nguzo inapanda nusu ya njia, ubao unapinda, unavunjika, na kila kitu kinarudi pale kilipoanzia. Hakuna adui wa kupiga risasi wala saa ya kukukimbiza. Kuna uzito tu, na uzito haubembelezwi.

Nilikuwa naicheza levo hiyo usiku, Mbaha, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, katika wiki nilizokaa huko kwa utafiti wa shahada yangu ya uzamili ya historia. Mchana nilikuwa na kazi nyingine: kusoma nakala nilizokuja nazo kuhusu meli za mvuke zilizotembea ziwa hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kuwauliza wazee walichosikia kwa wazee wao. Baada ya siku chache niliona kwamba kazi ya mchana na mchezo wa usiku vilikuwa na swali moja. Kitu kizito kisichotaka kupanda, kinapandishwaje hadi kwenye maji?

Gemu za namna hii huitwa gemu za fizikia. Ndani yake kuna programu inayokokotoa uzito, msuguano, mgongano na mvutano wa dunia, mara nyingi kila sekunde, ili jiwe la kwenye kioo lianguke kama jiwe la kweli. Programu mojawapo maarufu ni Box2D, iliyoandikwa na Erin Catto na kutolewa bure mwaka 2007. Desemba 2009 kampuni ya Rovio ya Finland ilitoa Angry Birds, na ndege wale waliorushwa kwa manati hadi kwenye simu za dunia nzima walikuwa wanapaa na kuanguka kwa hesabu za Box2D. Mwaka 2011, katika mkutano wa watengeneza gemu huko San Francisco, Peter Vesterbacka wa Rovio alikuwa akijibu maswali ya wasikilizaji. Mtu mmoja akauliza gemu yao inatumia programu gani ya fizikia. Box2D, akajibu. Muulizaji akauliza tena: je, mngekubali kuitaja hiyo Box2D ndani ya gemu? Kisha akajitambulisha. Alikuwa Catto mwenyewe.

Nakipenda kisa hicho kwa sababu ni kifupi na kiliisha vizuri. Aliyebeba uzito alikuwa ukumbini, alikuwa na kipaza sauti, na alijua jina lake. Habari za meli za Nyasa haziko hivyo.

*

Ziwa Nyasa liko mita 470 na ushei juu ya usawa wa bahari. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire, unaoshuka kusini hadi Zambezi na kuingia Bahari ya Hindi. Kwenye ramani Shire unaonekana kama barabara iliyokwisha kuchongwa. Lakini kati ya Matope na Chikwawa mto huo unaporomoka zaidi ya mita 380 katika kilomita 80 hivi. David Livingstone aliyaita maporomoko hayo Murchison, kwa heshima ya mkubwa mmoja wa London. Hakuna chombo kinachopanda pale. Anayetaka kuingiza meli ziwani kutokea baharini lazima aitoe majini, aipitishe nchi kavu, kisha airudishe majini juu ya maporomoko. Hiyo ndiyo levo, na kila aliyeijaribu aliacha jibu lake.

Wa kwanza kuivuka hawakubeba chombo chochote. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, alijikita Kotakota, ng'ambo ya magharibi, akajulikana kama Jumbe. Majahazi ya huko yaliundwa hukohuko ziwani. Fundi alikuja kwa miguu na tezo, msumeno na keekee, miti aliikuta. Kwa mcheza gemu hili ni jibu la kupendeza: achana na kitu kizito, beba ujuzi, maana ujuzi hauna kilo. Ila majahazi yale yalivusha pembe za ndovu na watu, na watu hao walipofika upande huu wa mashariki waliendelea kwa miguu hadi Kilwa, wakiwa bidhaa. Gemu ingetoa nyota tatu hapo. Fizikia haiulizi ndani ya jahazi kuna nini.

Wa pili alikuwa Livingstone mwenyewe. Meli yake, Lady Nyassa, iliundwa Glasgow kwa fedha zake, ikaletwa Zambezi kwa vipande mwaka 1862. Alitaka ikae ziwani na kuzuia biashara ya watumwa. Shauri lake lilikuwa kuibadili njia: akate barabara kando ya maporomoko, meli ifunguliwe, ipite kwa vipande. Mwaka 1863 kazi ya barabara ilianza. Lakini bonde la Shire wakati huo lilikuwa limepigwa na ukame, njaa na uvamizi wa wakamata watumwa. Vijiji vilikuwa vitupu. Barabara bila watu ni uwazi tu kwenye msitu. Julai mwaka huo ikaja barua kutoka serikali yake ya kumwita arudi. Meli iligeuzwa ikashuka mto, na mwaka 1864 Livingstone aliivusha Bahari ya Hindi kutoka Zanzibar hadi Bombay, akaiuza. Meli iliyopewa jina la ziwa hili haikuwahi kuliona.

Wa tatu alikuwa Edward Young, mpiga mizinga wa jeshi la maji la Uingereza. Mwaka 1867, alipotumwa kutafuta habari za Livingstone, alikuwa amekwisha kupitisha boti la chuma la vipande palepale. Kwa hiyo mwaka 1875, alipokabidhiwa meli ndogo ya mvuke ya misheni ya Livingstonia, iitwayo Ilala, hakuhangaika na barabara. Alibadili kitu chenyewe. Meli iliundwa ili ifunguke kuwa mizigo ya kubebeka. Chini ya maporomoko ilifunguliwa, watu wapatao 800 wakaibeba, juu ya maporomoko ikafungwa tena, na tarehe 12 Oktoba 1875 ikaingia ziwani. Walilipwa kwa vitambaa. Inasimuliwa kwamba hakuna kipande kilichopotea njiani.

Tafakari sentensi hiyo ya mwisho. Watu 800, siku kadhaa za milima na jua, nati na bolti zisizo na maana yoyote kwa anayezibeba, na hakuna iliyopotea. Katika vitabu inasomwa kama sifa ya mpango mzuri wa Young. Mimi naisoma kama habari za watu 800 walioangalia mizigo yao.

*

Baada ya hapo njia ilijulikana. Wajerumani walipotaka chombo chao, walichanga fedha kwa bahati nasibu iliyoendeshwa kwa jina la kupinga utumwa, na meli Hermann von Wissmann ikapita kwa vipande kando ya maporomoko yaleyale, ikafungwa juu yake, ikashushwa majini mwaka 1893. Makao yake kwenye mwambao wetu yalikuwa Liuli, kusini mwa Mbaha, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa la ghubani linalofanana na sanamu ya Misri. Waingereza nao wakapitisha Gwendolen, kubwa kuliko Wissmann, ikaingia majini mwaka 1899.

Tarehe 13 Agosti 1914, Gwendolen chini ya Kamanda Rhoades ilifika Liuli na kuishambulia Wissmann kwa mizinga. Magazeti ya London yalifurahi; vita vilikuwa na siku tisa tu. Kilichonivutia mimi ni mahali Wissmann ilipokuwa: ilikuwa imepandishwa nchi kavu, kwenye mteremko wa kukarabatia meli. Nahodha wake, Berndt, hakuwa amepata habari za vita. Meli ikiwa majini inageuka, inakimbia, inajibu. Ikiwa juu ya magogo ni bamba la chuma lenye madirisha. Meli iliyovushwa maporomoko yale kwa mabega ya watu ilishindwa vita kwa sababu siku ile haikuwa na maji chini yake.

Lakini meli iliyonifanya niandike makala hii si ya vita. Ni Chauncy Maples, ya wamisionari wa UMCA waliokuwa na makao makuu kisiwani Likoma. Iliitwa kwa jina la askofu aliyezama katika ziwa hili mwaka 1895. Iliundwa Glasgow mwaka 1899 iwe shule, hospitali na kanisa linaloelea, na kwa miaka mingi ilipita ikitembelea vijiji vya mwambao huu. Ilifungwa katika vifurushi 3,481. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha jibu la Young lilivyokuwa limegeuka kawaida: kata, hesabu, beba, unga.

Kifurushi kimoja kilikataa. Lilikuwa boila.

Bamba la ubavu wa meli unaweza kulikata, ukalibeba, ukalipiga ribiti ufukweni. Boila linashika mvuke kwa shinikizo kubwa; lilitoka kiwandani likiwa kitu kimoja, na kimoja kilibidi kifike. Lilikuwa na tani 11. Lilipandishwa juu ya gari la magurudumu, na Wangoni 450 walilivuta maili 64 kupita maporomoko, mwendo wa maili 3 kwa siku.

Sentensi hiyo moja ndiyo karibu yote niliyoipata kuhusu kazi hiyo. Katika nakala zangu inajirudia kwa maneno yaleyale, kama kifungu kinachonakiliwa na kila mwandishi kutoka kwa aliyemtangulia. Namba nne: 11, 450, 64, 3. Kisha hadithi inahamia kwenye uzinduzi wa mwaka 1901.

*

Katika wiki yangu ya pili Mbaha, mtumbwi mpya ulikuwa unashushwa ziwani. Ulikuwa umechongwa kwenye gogo la mti mmoja, huko juu ya kijiji, na ulikuwa umeletwa karibu na maji kwa kuburutwa juu ya magogo madogo ya mviringo. Nilikwenda na binamu yangu kusaidia kuvuta. Tulikuwa kama watu kumi na wanne. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa hashiki kamba. Kazi yake ilikuwa kutazama.

Karibu na ufukwe kuna mwamba uliotokeza, kimo cha goti. Pua ya mtumbwi iligota hapo. Tulikaza kamba mara mbili, mtumbwi haukusogea, na mara ya tatu kamba ilianza kulia.

"Acheni kuvuta," mzee akasema. "Wajukuu, pandeni mkiani."

Vijana watatu waliokuwa wanatazama tu wakarukia mkia wa mtumbwi na kukaa. Mwenzao mmoja akasukuma gogo chini ya tumbo la mtumbwi, karibu na katikati. Taratibu, pua ikanyanyuka yenyewe mpaka juu ya mwamba. Wengine wakatia gogo jingine chini ya pua. Vijana wakashuka, tukavuta, mtumbwi ukapita kama uliopakwa sabuni.

"Shikamoo babu," nikamwambia baadaye, tulipokuwa tunakunywa togwa. "Umejulia wapi kuongeza mzigo ili kitu kiwe chepesi?"

"Marahaba. Haujawa mwepesi," akasema. "Uzito ni uleule. Tumeuhamisha tu ukaenda upande wa kutusaidia."

Shuleni tulifundishwa wenzo kwa mchoro: mstari, pembetatu ya egemeo, mshale chini, mshale juu. Sikumbuki kama kuna aliyetuambia kwamba mshale ule wa kushuka unaweza kuwa watoto watatu.

Usiku ule levo ya 38 haikuchukua dakika kumi. Niliacha kamba. Jiwe la kwanza nililiweka chini ya nguzo, karibu na katikati, upande wa ngazi. Mawe matatu niliyadondosha juu ya mkia, moja baada ya jingine, na pua ikanyanyuka juu ya ukingo. Jiwe la tano likaingia chini ya pua kuishikilia. Mawe ya mkiani nikayaondoa, nikasogeza egemeo mbele, nikarudia kwa ngazi ya pili, halafu ya tatu. Kamba niliitumia mwisho tu, kuivuta nguzo ipite kilele. Ikateleza, ikapiga maji, zikatoka nyota mbili na kengele.

Tofauti kati ya ufukwe na kioo ilikuwa moja, nayo haijaniacha tangu siku hiyo. Ufukweni, kilichoinua pua ni miili ya vijana watatu. Kwenye simu ilibidi nitafute mawe, kwa sababu kidole changu hakina uzito. Programu inajua kilo za nguzo, za ubao na za kila jiwe. Inajua msuguano wa chuma juu ya mwamba. Lakini anayenyanyua, anayesogeza na kushikilia hayumo kwenye hesabu. Hachoki, hateguki kiuno, hali chakula, halipwi. Kidole kinatoka nje ya dunia ya gemu, kinafanya kazi, kinaondoka, na levo inahesabiwa kuwa ya mwenye simu.

Nikarudia nakala zangu kwa jicho hilo. Ndani yake tani za boila zimo, urefu wa njia umo, gharama za meli zimo, jina la mbunifu limo. Wapagazi wapo kama kidole: kitu fulani kilisogeza mizigo, ikafika.

*

Msimamizi wangu aliniuliza swali la haki nilipompelekea muhtasari wa sura hii. Utaandikaje historia ya watu 450 wasio na majina, barua wala picha, ambao ushahidi wao ni sentensi moja iliyoandikwa na mtu mwingine?

Jibu langu kwa sasa ni kwamba uzito nao ni ushahidi. Namba zile nne zinaweza kuulizwa maswali, na kwa kuwa ni suala la fizikia, lazima zijibu.

Tani 11 ni takriban kilo 11,000. Gawanya kwa watu 450: ni kilo 24 na ushei kwa kila mtu, yaani mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja wa zama zile. Kwa hiyo boila halikuwa zito kupita kiasi kwa watu wale. Kama lingekatika vipande 450, wangelibeba vichwani bila neno, kama vifurushi vingine 3,480. Ugumu wake ulikuwa kwamba uzito wote ulikaa mahali pamoja, na watu 450 hawawezi kukaa mahali pamoja. Lazima wapangwe kwenye kamba.

Sasa fikiria kamba hizo. Tuseme ni mbili, watu 225 kila moja, na kila mtu apewe hatua moja ya kusimama. Kila kamba ina urefu unaopita mita 200. Kamba ina tabia moja tu: inavuta kwenye mstari ulionyooka. Njia ya milimani hainyooki mita 200. Kwenye kona, waliotangulia wameshapinda na wa nyuma bado. Wa mbele wakivuta kwa nguvu zao zote, wanalivuta boila kuelekea ndani ya kona, liingie mtaroni. Kwa hiyo kwenye kila kona mamia ya watu lazima walegeze kwa pamoja, na wachache walio karibu na gari wavute peke yao. Kwenye mteremko hesabu inageuka kabisa: wavutaji wote wanahamia nyuma kulizuia lisikimbie, na anayeteleza mbele ya gurudumu la mzigo wa tani 11 hana wa kumwokoa. Hakuna jambo hata moja kati ya haya linalowezekana bila sauti moja ya kuongoza na watu 449 wanaoielewa na kuitii kwa nukta hiyohiyo. Maili 64 kwa maili 3 ni siku 21 na zaidi za kufanya hivyo.

Namba zinaniambia, basi, kwamba pale kulikuwa na ujuzi. Kulikuwa na mtu wa kutazama, kama mzee wa Mbaha, na yaelekea walikuwa wengi. Kulikuwa na mwito na kiitikio, maana hakuna njia nyingine ya kuwafanya watu 450 wakaze kwa pamoja. Mwandishi aliyeandika kwamba Wangoni 450 walivuta aliona nguvu. Fizikia inadai kwamba walikuwa pia wanafikiri.

Namba haziniambii kwa nini walikuja. Hilo lina historia yake: kodi ya kibanda ilikuwa imeingia Nyasaland katika miaka ya 1890 na upande wa Wajerumani mwaka 1898, na kodi hiyo ilidai fedha kwa watu ambao hawakuwa na mahali pengi pa kuzipata isipokuwa kwa mzungu mwenye mzigo. Wangoni walikuwa wameenea pande zote mbili za ziwa. Ndugu zao wa Songea ni majirani zetu hapa Ruvuma. Neno kibarua halikuingia katika maisha ya watu hao kwa hiari.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kumbukumbu kubwa kuliko zote ya wapagazi Tanzania iko katikati ya Dar es Salaam na tunapita hapo kununua nguo. Kariakoo ni Carrier Corps iliyotamkwa na wenyeji: kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho makumi ya maelfu ya watu wake walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Hakuna jina la mtu pale, lakini angalau kazi imetajwa. Ukitazama majina ya meli za ziwa letu unapata gavana, askofu, na mahali alipofia Livingstone. Siku hizi zinaitwa kwa miji: MV Songea, MV Iringa, na MV Mbeya II iliyoundwa kwenye ufukwe wa Kyela na kuanza safari miaka michache iliyopita. Levo ile ya zamani ilianza kufutika reli ilipofika Blantyre kutokea Shire ya chini mwaka 1908. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kujua jinsi ya kukunja kona na boila.

Nilipomsomea hesabu hizi mzee mmoja wa Mbaha, si yule wa mtumbwi, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza boila linakula nini. Nikamwambia kuni. Akatikisa kichwa kama mtu anayesubiri mwanafunzi afike mwenyewe. Akasema wazee wake walikuwa wanakata kuni milimani na kuzipanga ufukweni zisubiri meli, mafungu kwa mafungu, na meli ikifika zinapakiwa kwa mitumbwi. Hakujua habari za watu 450. Alijua mama yake alikuwa na kovu begani.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani boila lilibebwa mara moja, siku 21 na ushei, likafika. Kumbe kila safari ilikuwa na uzito wake, na uzito huo ulishuka mlimani juu ya mabega ya watu wa mwambao, miaka na miaka. Mwaka 1967 Chauncy Maples ilitolewa mtambo wake wa mvuke ikawekewa injini ya dizeli. Mwaka huo kuni zilizokuwa zimepangwa ufukweni zilirudi kuwa kuni za kupikia.